Uraia wa Kukalia Ndoo

Haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa kiti changu cha mikono, kitu pekee nilichopewa nilipostaafu kazi ya kupima mizigo mpakani.

Asubuhi moja mpwa wangu, mwalimu wa mkataba anayefundisha uraia, aliingia darasani kwa wanafunzi wake sitini, kila mmoja na ndoo yake. Ndoo ndiyo dawati: ukiigeuza unaikalia, ukitoka shule unachotea maji. Mkaguzi alikuja kumpima. Akimpitisha, mkataba unaendelea. Akimkataa, basi tena.

Somo lilikuwa vijana wa nchi tatu. Kitabu kimoja tu, na kurasa hizo zilishang'olewa zamani.

“Nchi ya kwanza vijana huandamana,” akasema mwalimu. “Ya pili huimba majina ya wakubwa. Ya tatu, diwani akificha bajeti, kila kijana hubeba kiti chake, wakakaa mlangoni kwake, kimya, mpaka aisome.”

Mkaguzi alikalia kiti pekee cha darasa. “Hiyo ya tatu iko kitabu gani?”

“Mjomba wangu alifika huko, mheshimiwa.”

“Mjomba! Serikali inakuajiri ufundishe porojo za wazee? Nyie, andikeni: kijana mwema husubiri.”

Hakuna aliyeandika. Binti wa nyuma, wanayemwita Kipaza kwa sauti yake, akainua mkono. “Madawati tuliyoahidiwa mwaka juzi, mheshimiwa, tuyasubiri tumekaa wapi? Ndoo yangu imepasuka.”

“Kaa chini!”

“Si ndiko niliko?”

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi alipogeuka aondoke, ndoo sitini zilishaziba mlango, na wenyewe juu yake, kimya.

“Tusomee fungu la madawati tu kwenye bajeti,” akasema Kipaza.

Hakusoma. Alitorokea dirishani, suruali ikachanika. Haya, suruali nimeiongeza mimi.

Barua ya mshahara huchukua miezi kufika. Ile ya kumwachisha mwalimu kazi ilichukua saa mbili.

Jioni akaja kwangu. “Mjomba, nchi ya tatu ulifika lini?”

“Unajua, abiria mmoja aliniambia…”

“Mjomba.”

“Sijawahi kuvuka lile geti la mpaka hata siku moja.”

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikitazama kiti nilichokalia.

“Inuka.”

Akakibeba kichwani, akaondoka nacho. Leo siku ya tatu amekikalia mlangoni kwa mkaguzi, kimya, anasubiri kusomewa. Wanafunzi wakitoka shule wanamfuata na ndoo zao.

Mimi naandika haya nimekalia ndoo aliyoniachia Kipaza, ile iliyopasuka. Inafinya makalio.