Maziwa ya Kifua

Haya alinihadithia Damari mwenyewe, tukipukuchua mahindi nyuma ya nyumba yangu, mwaka ule vijana walipopelekwa vitani Kagera. Yeye alikuwa ameshaacha kazi, au kazi ndiyo iliyomwacha, sijui nisemeje.

Miaka michache kabla ya hapo alikuwa kwenye kinu cha pareto, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Maua makavu yaliletwa kwa magunia kutoka milimani, yakamwagwa kinuni, ukatoka unga wa kuulia wadudu. Kazi ya Damari ilikuwa kukinga gunia mdomoni mwa mashine. Unga ule haukai wote guniani, jamani. Unapanda. Unaingia puani, machoni, kwenye nywele, na midomo inakufa ganzi. Wanawake walijifunga kanga mdomoni, wakaendelea.

Dawa ya vumbi, kwa wakubwa wa kinu, ilikuwa maziwa. Kila jioni, langoni, kila mtu kikombe kimoja cha bati. Ati yanaosha kifua.

Damari hakuyanywa. Mwanawe Andendekisye alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye surua, miguu kama njiti, na kule zahanati walimwambia, "Mama, huyu apate maziwa." Ayatoe wapi? Ng'ombe walibaki Rungwe kwa wakwe. Mjini alikuwa na kuku mmoja, naye hatagi. Basi alikuwa anageuka kidogo, anamimina kikombe chake kwenye chupa, anaziba kwa gunzi, anaficha kikapuni. Mtoto alishaanza kusimama tena kwa kushika ukuta.

Siku moja akaja mkaguzi wa viwanda, mtu wa serikali. Tangu asubuhi Silvester, msimamizi, hakutulia. "Fagieni! Nyunyizeni maji! Leo mwenye kikohozi akakoholee chooni!"

Mkaguzi alifika jioni, mashine imeshazimwa. Alivaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi vizuri, na mlango wa kinu hakuuvuka. Alisimama langoni, pale kwenye ndoo ya maziwa, watu wakipokea vikombe vyao.

"Ndugu zangu, maziwa mnapata?"

"Tunapata, ndugu."

"Safi sana."

Damari alikuwa ameshaficha chupa yake. Hapo kifua kikamsaliti. Alikohoa mpaka akainama, kikapu kikaanguka, chupa ikabingirika hadi kwenye kiatu cha mkaguzi.

Silvester akaiokota. "Unawaona hawa, ndugu? Tunawapa dawa, wanaibeba nyumbani! Wakikohoa, eti kinu kibaya!"

"Ni ya mtoto," Damari akasema.

"Mtoto naye anasaga pareto?"

Watu wakacheka. Hata wewe ungecheka. Mkaguzi akatikisa kichwa kama mtu mwenye huruma. "Mama, unajiua mwenyewe."

"Na Kalinga, mwenzetu wa kinuni, je, ndugu?" Damari akauliza. "Kalinga hakubakiza hata tone. Alikuwa analamba kikombe. Si tumemzika juzijuzi hapa?"

Kicheko kikafa. Silvester akatazama chini, kisha akasema, "Kalinga alikuwa mvuta tumbaku." Mkaguzi naye akatazama saa yake. Ikatoka amri: tangu leo kila mtu anywe mbele ya msimamizi. Asiyetaka, asirudi.

Silvester akamimina chupa kwenye kikombe, akampa. Damari akanywa, macho amemkazia Silvester. Funda la mwisho hakulimeza. Alilibana mashavuni, akaondoka.

"We mama, hata kuaga huagi?" Silvester akamwita.

"Mwache, jino linamuuma," akadakia Ikupa, mwenzake wa kwenye mashine. "Na wewe umeshamsemesha vya kutosha."

Wakapita. Ikupa alimshika mkono, akawa anaongea kwa niaba ya wote wawili. "Vuta pumzi kwa pua, dada. Polepole. Tukimpita fundi baiskeli tumefika." Na ubaya uko wapi, kumbebea mtoto maziwa mdomoni? Sisi si tuliwatafunia watoto ugali?

Fundi baiskeli wakampita. Mlango ulikuwa unaonekana, na mtoto amekaa kizingitini. Ndipo kikohozi kikapanda. Damari alijiziba kwa viganja viwili, lakini kikohozi hakizibwi kwa viganja. Maziwa yalimtoka puani na mdomoni, yakalowesha kanga. Mengine yakanywewa na barabara.

Ikupa alimfuta kidevu, akaenda kwake.

Nyumbani Damari alipika uji mtupu. Andendekisye alinusa maziwa, akavuta ncha ya kanga, akaitia mdomoni. Mama akamnyang'anya upesi, kwa kuwa kanga ile ilikuwa imejaa pareto. Mtoto akalia, akachoka, akalala uji haujaisha. Damari akaifua kanga, akaianika karibu na moto, maana kesho angeihitaji tena. Kulala chali alikuwa hawezi siku nyingi, kifua kilimkaba. Akaegemea ukuta, mtoto mapajani, akapitiwa na usingizi hivyo hivyo, ameketi.