Shikamoo ya Ukumbi wa Tatu

Kabla hamjasikia mabaya yangu kwa watu wengine, jueni kwanza kwamba mimi ni mtu wa adabu. Mama yangu alinifundisha, kwa fimbo pale ilipobidi, kwamba mkubwa hapitwi kimya. Sasa mtu wa miaka milioni moja na nusu utampitaje?

Ninafanya usafi kwenye jumba la makumbusho, huu mwaka wa kumi na tisa. Ukumbi wa tatu ni wa mifupa ya kale, na katikati yake, ndani ya sanduku la kioo, yupo Bibi. Ni fuvu tu, la rangi ya kahawia, limeungwa kwa gundi kipande kwa kipande, lina magego mapana kuliko kidole gumba changu. Hilo jina la Bibi nilimpa mimi. Kibao chake kina jina refu la kisomi ambalo ulimi wangu umelikataa, na chini yake umri. Kila asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, naenda kwake na kitambaa na chupa ya maji ya siki. Maji hayo hayapuliziwi kwenye kioo, yanapuliziwa kwenye kitambaa, maana tone likipenya ndani ya sanduku mtaalamu wa mifupa atanitoa roho. Nikifika nasema, "Shikamoo, Bibi." Nangoja kidogo, kama inavyotakiwa, halafu naanza kufuta. Jumatatu, siku ambayo hatupokei wageni, mtaalamu hunifungulia sanduku na mimi nampitishia Bibi brashi laini kwenye paji la uso.

Haikuwahi kunijia akilini kwamba hilo ni jambo la imani.

Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita. Hatukujaaliwa mtoto. Nyumbani nina vyumba viwili, redio, na kiti chake ambacho mpaka leo sijakikalia. Watu nilibaki nao kanisani. Kwenye kwaya nilikuwa naimba besi, na ibada ikiisha watoto wa kwaya ndogo walikuwa wakinipangia foleni mlangoni: "Shikamoo, Babu Besi!" Nami naitikia mmoja mmoja, marahaba, marahaba, mpaka wanakwisha. Siku nyingine za juma sikuwa na pa kulitumia neno hilo. Sitaficha: nilikuwa naishi kwa ajili ya foleni ile.

Basi siku moja mwalimu wa kwaya ndogo akawaleta watoto wake kutembelea makumbusho. Walifika mapema, mlinzi akawaweka nje, mwalimu akaingia kuulizia vyoo. Akanikuta ukumbi wa tatu nimeinamisha kichwa.

"Babu Besi, unaongea na nani?"

"Namwamkia Bibi," nikasema, tena nacheka. Bora ningesema nakohoa.

Alilitazama fuvu, akanitazama mimi, akatoka bila kuuliza tena vyoo viko wapi. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imeshatiwa chumvi ya kutosha: eti napiga magoti, eti namwomba anifungulie riziki. Kwa mshahara wangu ule, mngejua kwamba kama namwomba basi hasikii.

Mchungaji aliniita ofisini kwake. Walikuwepo na wazee wa kanisa watatu, wamekaa upande mmoja wa meza. Mchungaji si mtu mbaya. Mke wangu alipokuwa hoi alikuja kila siku, na mara nyingine alikuja na sabuni.

"Ndugu yangu," akasema, "unaamini yule ni bibi yako?"

"Sijui, Mchungaji."

"Hujui? Shikamoo anapewa nani?"

"Mkubwa."

"Mkubwa ni mtu. Yule ni mnyama. Watoto wetu wanaambiwa shuleni kwamba walitokana na hao, wanarudi nyumbani wanatuuliza Adamu alikuwa nani. Tunahangaika nao. Halafu wanasikia Babu Besi anawaamkia hao hao!"

"Mimi naamini Mungu aliniumba," nikasema. "Alichukua muda gani, sijui. Sikuwepo."

Mzee mmoja akaguna. Mchungaji akavua miwani akaifuta kwa tai, na nikaona kwamba amechoka kweli. Wakakata shauri. Jumapili inayofuata nisimame mbele ya watu, nitamke kwamba yule si bibi yangu, na niahidi kuacha. Nikikataa, nitoke kwenye kwaya, na watoto waambiwe wakae mbali na mimi.

Juma lile sikulala vizuri. Kusema uongo madhabahuni siwezi, na kuipoteza foleni yangu siwezi pia. Siku ya Ijumaa nikapiga moyo konde, nikaenda kugonga mlango wa mtaalamu wa mifupa. Ni mama wa umri wa kuweza kuwa binti yangu, meza yake imejaa meno kwenye visahani, kila jino na namba yake.

"Mama," nikasema, "niambie ukweli. Yule wa ukumbi wa tatu ni bibi yangu?"

Akacheka, lakini si kwa dharau. "Hapana, mzee wangu. Watu wengi wanadhani hivyo. Wewe na yeye mna bibi mmoja, wa zamani zaidi sana. Huyu ni wa tawi jingine. Waliishi muda mrefu tu, halafu wakaisha."

"Wakaisha vipi?"

"Wakaisha. Hawakuacha mtu. Duniani kote hakuna hata mmoja anayetokana nao."

Nilitaka kumkumbatia. Sayansi yenyewe imenivua kitanzi! Nitasimama Jumapili, nitasema yule si bibi yangu, na utakuwa ukweli mtupu. Niliteremka ngazi napiga mluzi. Nilipofika ukumbi wa tatu kuchukua ndoo yangu, mluzi ukanikatikia mdomoni. Nilimtazama. Miaka yote ile nilikuwa nafikiri nami ni mmoja katika wajukuu wake wengi wasio na adabu. Kumbe hana mjukuu. Hana mtu wa kumwamkia, hakuwahi kuwa naye, na hatakuja kuwa naye. Nikawaza vyumba vyangu, na kile kiti. Nililia palepale, mtu mzima na ndoo mkononi.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Mchungaji akaniita mbele.

"Yule si bibi yangu," nikasema. "Nimemuuliza mwenye kujua, amenithibitishia. Hatuna udugu wa karibu."

Watu wakaitikia amina kwa nguvu. Mwalimu wa kwaya ndogo akapiga makofi. Watoto walikuwa wamekaa mstari wa kwanza, wananitabasamia, na mimi nilikuwa na hatua sita tu za kurudi kwenye kiti changu.

"Na hutamwamkia tena," Mchungaji akasema, taratibu, kama mtu anayefunga mlango uliokwisha kufungwa.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza hata kuitikia kwa kichwa.

"Hapo, Mchungaji, utanisamehe," nikasema. "Hana mtu."

Mchungaji aliniangalia muda mrefu, na naamini alikuwa ananipa nafasi ya kurudisha maneno yangu. Sikuyarudisha. Akashusha macho. Nikavua joho la kwaya, nikalikunja, nikaliweka juu ya kiti changu, nikatoka kwa mlango wa pembeni. Mlangoni hapakuwa na foleni, maana ibada ilikuwa bado haijaisha.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Nikikutana na watoto barabarani, mama zao wanawashika mkono na kuwavusha upande wa pili. Yule mdogo kabisa aliwahi kugeuka na kufungua mdomo, akavutwa. Mtaalamu wa mifupa alisikia habari zangu, akaniambia kwa upole kwamba fuvu halijui kama limeamkiwa. Nikamwambia najua, mama, mimi si mwehu.

Jumatatu iliyopita alinifungulia sanduku, akaenda zake kwenye meno yake. Nilichukua brashi.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

Nikangoja kidogo, kama inavyotakiwa. Mashine ya hewa ilikuwa inanguruma darini.

"Marahaba," nikajibu. Lilitoka na mikwaruzo, kwa sababu lilikuwa limekaa siku nyingi bila kutumika. Nikasafisha koo, nikalirudia, kisha nikaanza kumfuta vumbi.