Muuaji wa Kila Ijumaa

Kila Ijumaa, siku ya mapumziko na ibada huku ugenini, baada ya kanisa mimi nilikuwa nikikanda unga wa chapati jikoni kwetu mtaa wa Rashidiya, naye Clifford, mlinzi wa jengo la jirani, akituwekea filamu ile ile moja ya Kikorea kwenye kompyuta. Ilitokana na mauaji ya kweli ambayo muuaji wake hakupatikana, lakini Clifford aliapa kumkamata.

Leo Teresiah, ninayeishi naye, aliifunga kompyuta filamu ikiwa katikati.

"Khalas, imetosha! Hata aliyeitengeneza hakumjua muuaji. Nyinyi mnatafuta nini?"

"Ushahidi," Clifford alisema. "Yule muuza samaki wa kwenye filamu ana macho mabaya."

"Ijumaa iliyopita ulimshuku daktari! Kesho unahamishiwa Jebel Ali, afande. Funga kesi."

Clifford akachukua kofia yake polepole. "Basi nimeshindwa. Sina tena sababu ya kuja huku."

Jebel Ali ni mwisho mwingine kabisa wa njia ya treni ya metro. Teresiah alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Clifford," nikasema, mikono ikiwa bado kwenye unga, "mimi sijali muuaji ni nani. Nataka wewe uendelee kuja."