Zamu ya Mbele

Mkono wangu ni mwepesi, sikatai. Nimewahi kumzaba kofi utingo wa lori aliyenirushia ganda la ndizi nikiwa napanda mlima, na mume wangu ndiye aliyeniombea radhi. Yeye ana bucha, anapasua mifupa tangu alfajiri, lakini hajawahi kumkemea hata paka anayemwibia utumbo. Watu husema nyumbani kwetu shoka ni la baba na hasira ni za mama. Mimi ni fundi baiskeli. Jumamosi anafunga bucha, nafunga karakana, tunakwenda kuendesha pamoja na mdogo wangu, mwalimu wa hesabu. Mume wangu ndiye aliyemfundisha kukaa juu ya tandiko, akimkimbilia nyuma huku ameshika kiti, enzi hizo mdogo wangu bado anavaa kaptura.

Nchi yetu ni vilima na maziwa. Unapanda mpaka mapafu yanataka kutokea mdomoni, unafika juu unaona maji chini, unashuka, unazunguka ukingo, unapanda tena. Njia nachagua mimi, maana wale wawili ukiwaachia watabishana mpaka jua lizame. Jumamosi ile nilichagua ziwa kubwa: vilima vitatu, halafu barabara inayofuata maji kando ya shamba la ng'ombe.

"Leo twende ziwa dogo," mume wangu alisema akijaza upepo. Macho yake yalikuwa kwenye pampu.

"Kwa nini?"

"Basi tu. Kule kubwa kuna upepo."

"Sema tumbo limekuwa zito, tukuelewe."

Mdogo wangu akacheka. "Usijali shemeji, mlimani tutakusukuma."

Naye akacheka, akafunga kofia yake, tukatoka. Angeweza kusema pale pale. Tulikuwa watatu tu, mlango wa karakana uko wazi, hakuna aliyekuwa na haraka.

Asiyeendesha baiskeli za mbio hataelewa kilichofuata bila kuelezwa jambo moja. Penye upepo haendi mtu kivyake. Tunapanga mstari, gurudumu likikaribia kugusa gurudumu, na wa mbele ndiye anayepigana na upepo. Wa nyuma haoni barabara, anaona mgongo wa mwenzake. Wa mbele akichoka hutikisa kiwiko, akajitoa pembeni, na anayemfuata akapita kushika zamu. Huulizi. Ukiona kiwiko unakaza miguu unapita. Na ukiwa mbele, shimo ukiliona, jiwe, mbwa, chochote, unapiga kelele, kwa sababu macho yako ndiyo macho ya wote. Ndiyo maana hatuendeshi na mtu tusiyemwamini.

Tulipomaliza kushuka kilima cha tatu, upepo wa ziwani ukatupiga kifuani na zamu ikawa ya mume wangu. Mdogo wangu alimfuata, mimi nikawa wa mwisho. Tulikuwa tunakwenda kasi sana. Mbele kulikuwa na kona, na baada ya kona mkaratusi mkubwa upande mmoja, geti la shamba upande wa pili. Tulipoingia konani tu nikaona kiwiko cha mume wangu kinatikisika. Nikashangaa. Alikuwa hajashika zamu hata ya kutoa jasho. Akajitoa pembeni, akafunga breki.

Mdogo wangu akakaza miguu akapita, kama alivyofundishwa.

Waya ulikuwa umefungwa kutoka kwenye mti hadi kwenye nguzo ya geti. Ulilia, sauti nyembamba, na mdogo wangu akabaki nyuma hewani wakati baiskeli yake inaendelea peke yake hadi mtaroni. Aliangukia kisogo. Mimi nilifunga breki zote mbili nikaruka juu ya usukani, nikatua kwa bega, nikasikia mfupa umelia. Nikatambaa.

Shingo yake ilikuwa imefunguka upande wa kushoto, chini ya taya. Damu ilikuwa inaruka kwa mapigo, inanipiga usoni, ya moto. Niliingiza vidole humo ndani, nikapapasa mpaka nikahisi kitu kinadunda, nikakibana kwa nguvu zote nilizonazo. Ikapungua. Nikaweka kiganja cha pili juu. Macho yake yalikuwa wazi yananitazama, na koo linatoa mluzi.

"Tulia mdogo wangu. Nimekushika. Usihangaike, nimekushika."

Mume wangu alikuwa amesimama na baiskeli yake mkononi, mzima, bila hata mchubuko.

"Piga simu!"

"Hakuna mtandao. Hapa bondeni hakuna."

Nilikuwa najua. Zahanati yenye gari la wagonjwa iko ng'ambo ya kilima kinachofuata, na magari hayapiti njia ile ila siku ya mnada. Nilitaka kumwambia apande baiskeli aruke, lakini kabla sijafungua mdomo geti likafunguliwa. Akatoka mwenye shamba. Namjua, ni yeye anayeuza ng'ombe kwenye bucha yetu, mtu wa salamu ndefu. Mkono mmoja alikuwa na koleo la kukatia waya, mwingine panga. Alimwangalia mdogo wangu pale chini, uso ukamshuka. Halafu akamgeukia mume wangu.

"Si nilikwambia? Si nilikwambia wewe Jumamosi msipite huku? Waendesha baiskeli wameniulia mtamba, wamemkurupusha akaanguka bondeni, nikakwambia wakirudi watanitambua. Umewaleta wa nini?"

Nilimtazama mume wangu. Sikuhitaji kumwuliza kitu. Kiwiko nilikiona kwa macho yangu.

"Nilidhani anatania," akasema. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Nilipoona ile kona, mwili ukakataa. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Nikatikisa tu... sijui, nikatikisa tu."

Hasira niliyoisikia sijawahi kuisikia tena na naomba nisiisikie. Nilitaka kumtafuna. Na mikono yangu yote miwili ilikuwa ndani ya shingo ya mdogo wangu. Nikiinua kidole, anakufa. Nilipiga ukelele mpaka ng'ombe wakakimbia.

Mume wangu, mtu asiyemkemea paka, akamrukia mwenye shamba. Alimpiga na kofia ya baiskeli usoni, mara ya kwanza pua ikapasuka, mara ya pili meno yakaingia ndani. Yule akarusha panga kwa upofu, likamkata mume wangu begani, nyama ikafunguka. Hata hakuligusa lile jeraha. Akamshika masikio, akampigisha kichwa kwenye nguzo ya geti, mara nyingi, huku analia kwa sauti kama mtoto. Alikuwa anajipiga yeye mwenyewe, nilielewa hilo hata wakati ule, lakini mdogo wangu mluzi wake ulikuwa unapungua.

"Muache! Mtauana baadaye!"

Hakusikia.

Nikapunguza sauti. Nilitumia ile sauti ya chumbani, ambayo watu hawaamini kwamba ninayo.

"Mume wangu. Nitazame. Nimekusamehe."

Akasimama. Damu ya begani ilikuwa inadondoka kwenye vidole vyake.

"Nimekusamehe, unasikia? Ulikuwa na hofu, binadamu huogopa. Sasa panda baiskeli. Kilima hiki hakuna anayekipanda kukushinda. Niletee gari."

Akapanda. Sijawahi kuona mtu anapanda kilima namna ile, amesimama juu ya kanyagio, mkono mmoja ndio unaofanya kazi, baiskeli inayumba kushoto na kulia. Nikamsindikiza kwa macho mpaka akapotea, na kila tusi ninalolijua nikalimeza.

Mwenye shamba alikuwa hajafa. Akainuka kwa magoti, akatema meno, akaokota panga na koleo. Akaukata waya upande wa geti kwa koleo. Halafu akaja kwetu, kwa sababu upande wa pili ulikuwa umefungwa kwenye mkaratusi, nyuma ya kichwa changu.

"Hapa palikuwa hakuna waya," akasema, maneno yanatoka na povu jekundu. "Kijana ameanguka. Unasikia, mama? Ameanguka mwenyewe."

"Nimesikia."

"Ukisema vingine nawamaliza wote wawili hapa hapa."

"Sogea basi unimalize. Unaona mikono yangu ina kazi."

Akasogea. Sijui kama angeweza, sikutaka kusubiri kujua. Viatu vyetu chini vina kipande cha chuma cha kunasia kwenye kanyagio. Alipopinda kuvuta waya nilijivuta kiuno, mikono ikabaki pale pale shingoni, nikampiga ubavuni mwa goti kwa chuma kile. Goti lilikwenda upande ambao goti haliendi. Alipoanguka nikampiga tena, kifundoni, na tena, mbavuni, mpaka miguu yangu ikaishiwa nguvu. Akatambaa hadi kwenye geti, akalala hapo anakoroma. Polisi walimkuta pale, waya bado anao mkononi.

Gari lilipofika, muuguzi alishuka kabla halijasimama. Aliingiza vidole vyake kando ya vyangu, akasema, "Nimempata. Achia taratibu, dada." Nikaachia. Vidole vyangu vilikuwa vimekauka, havikunjuki. Wakamwinua mdogo wangu, wakamtia ndani. Mume wangu akateremka kwenye kiti cha mbele, akaja kwangu amenyoosha mkono wake mzima.

Nikachomoa pampu kwenye baiskeli yangu nikampiga nayo mdomoni. Akayumba.

"Si umesema umenisamehe?"

"Mpaka gari lifike."

Nikampiga shavuni, sikioni, kwenye bega lile lililofunguka. Hakukinga hata kipigo kimoja. Dereva wa gari ndiye aliyenibeba mzobemzobe akanitupa ndani, pampu imepinda mkononi mwangu.

Mdogo wangu walimshona. Siku alipofungua macho akiwa na akili zake nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda, mume wangu yuko kwenye benchi la nje, uso umevimba, na yuko pale tangu tulipofika. Hakuna mtu aliyemfukuza na hakuna aliyemkaribisha. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyomwambia mdogo wangu ukweli wote, neno kwa neno, na nilikuwa na hamu ya kuusema.

Sauti alikuwa hana. Akasogeza midomo, nikainama nisome.

"Shemeji hakuumia?"

"Yuko hapo nje. Ni mzima."

Akafumba macho, machozi yakamtiririka hadi masikioni. Akasogeza midomo tena, polepole, nikalazimika kumsoma mara mbili.

"Nilikuwa mbele. Nimeuona waya, sikuwahi kupiga kelele. Mwambie anisamehe."

Nikamfuta machozi masikioni. Halafu nikaenda nikafungua mlango. Mume wangu akainuka kwenye benchi, akakinga uso kwa mkono, akidhani nimekuja kumpiga.

"Ingia," nikamwambia. "Anataka kukuomba radhi."