Mbao za Chumba cha Matanga

Jumatatu ya pili ya Septemba, saa mbili na nusu asubuhi, fundi Casiano Leguizamo aliingia ndani ya mashua iitwayo Amparo akiwa na nyundo ndogo ya mti, bisibisi iliyonolewa ncha na daftari, akaanza kuzigonga mbao moja baada ya nyingine. Ubao mzima hujibu kwa sauti kavu. Ubao uliooza hujibu kama mkate uliolowa, na bisibisi huzama humo bila kulazimishwa. Amparo ilikuwa mashua ya matanga yenye urefu wa mita saba na nusu, iliyoundwa San Fernando kabla ya vita, na kwa ndani ilikuwa ya mwerezi mtupu kuanzia ngazi hadi omo, ncha yake ya mbele. Kwa umri wake haikuwa na hali mbaya. Wasiojua hudhani kwamba mto ndio unaoozesha mashua. Mto hauna hatia. Kinachoozesha ni mvua, ambayo hupenya kwenye maungio ya sitaha na kutulia gizani, mahali pasipofikiwa na hewa.

Kufikia adhuhuri alikuwa ameandika kasoro kumi na moja. Kumi zilikuwa za kawaida: ubao wa kitanda cha kulia, guu la meza, rafu ya vyombo na nyingine za aina hiyo. Ya kumi na moja ilikuwa katika chumba cha matanga, kule mbele kabisa, ambako pande mbili za mashua hukutana na mtu mzima hawezi kuketi wima. Sakafu ya chumba hicho ilikuwa imeoza katika umbo la mtoto aliyelala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa hadi kifuani. Kisigino kilionekana, na kiwiko, na sikio. Nje ya umbo hilo mwerezi ulikuwa mzima kama siku ulipopigwa randa. Casiano alipima kwa uzi, akaufuata mgongo na mikunjo yote kutoka utosini hadi kisigino, kama linavyopimwa taruma, ule ubavu wa mashua, au kitu chochote kilichopinda. Akapata mita moja na sentimita ishirini na nane. Aliandika hivyo, akatoka nje, akaketi juu ya pipa, na ndipo alipotambua kwamba alikuwa ameandika kwa mkono wa kushoto, ambao hakuwahi kuutumia kwa kazi hiyo.

Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na tarehe. Mwenye mashua, wakili Arrechea, aliitaka iwe tayari Jumamosi ya kwanza ya Desemba, kiangazi kinapoanza, ili avuke na jamaa zake kwenda Colonia, ng'ambo ya mto. Siku hiyohiyo Nidia, binti wa pili wa Casiano, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, angehamia katika nyumba ya wakili. Delmira, mkewe Casiano, alikuwa amelipanga jambo hilo na Bi Leonor, mke wa wakili, kwenye ngazi za kanisa wakati wa Pasaka. Mtoto angelelewa, angesaidia kazi ndogondogo, angepata viatu na shule. Mtaa mzima wa kando ya mto ulifanya hivyo. Nyumba iliyochukua mtoto wa watu ilihesabiwa kuwa nyumba yenye huruma, na wazazi wa mtoto walihesabiwa kuwa wenye bahati. Casiano alikuwa amekubali, na alikuwa ameshukuru.

Juma hilo alikata uozo hadi alipofikia ubao mzima, kama kanuni inavyotaka, kwa maana fundi anayefunika uozo kwa ubao mpya huwa ametengeneza jeneza. Aliunga mwerezi mkavu, akaulaza kwa gundi na skrubu za shaba. Alifanya kazi akiwa ameingiza kichwa na mikono tu, miguu yote miwili ikiwa nje ya mlango, na mafundi wenzake walipouliza aliwapa sababu ya kitaalamu.

Jumamosi alikuja karakanani Petrona Villalba, mwanamke wa visiwani, ambaye huuza machungwa kwa mtumbwi. Alikuwa amesikia kwamba Amparo inafunguliwa. Aliuliza kama vipande vilivyokatwa bado vipo. Casiano akamwonyesha pale vilipoegemezwa ukutani. Petrona akavitazama bila haraka, kama anavyotazama mtu picha ya pasipoti.

"Alikuwa analalia mkono huu toka mchanga," alisema. "Nilimkataza, nikachoka. Nipe, fundi, ni wangu."

Akavifunga ndani ya shuka, akavilaza mtumbwini, akaweka gunia la machungwa upande wa kichwa ili visiviringike. Kabla ya kupiga kasia alieleza yaliyobaki, kwa maneno machache. Mwanawe aliitwa Zunilda. Alichukuliwa na nyumba ya wakili akiwa na miaka minane, na ilikuwa sasa miaka minne tangu nyumba hiyo itoe habari kwamba amerudi kwao. Kwao hakufika. Petrona alikwenda katika ofisi mbili. Ya kwanza ilimwandikia kwamba mtoto hayupo visiwani, hivyo bila shaka yuko kwa wakili. Ya pili ilimwandikia kwamba mtoto hayupo kwa wakili, hivyo bila shaka yuko visiwani. Karatasi zote mbili zilikuwa na mihuri na wala hazikupingana, kwa kuwa ziliandikwa na watu tofauti.

Jumatatu iliyofuata umbo lilikuwa limerudi. Lilikuwa ndani ya mwerezi mpya, na safari hii mtoto alikuwa ameulalia ubavu wa kulia, mgongo wake ukiwa umeelekea mlangoni. Mwerezi mkavu huhitaji misimu mingi ya mvua ili uoze, na juma hilo halikunyesha. Casiano akaandika katika daftari: kasoro ya kumi na moja, mara ya pili. Akabadilisha muuza mbao. Juma la tatu alitumia lapacho, mti mgumu unaovunja meno ya msumeno na ambao hutumika kwa nguzo za gati. Ukaoza tangu Ijumaa hadi Jumatatu, mtoto akiwa amelala kifudifudi na mikono juu ya kichwa. Petrona alifika kila Jumamosi na shuka lake. Karakanani walizoea, na walimpisha njia.

Mwanzoni mwa Oktoba wakili Arrechea alipita kukagua. Alikuwa mtu mwenye adabu, aliyevua kofia hata akiingia kwenye mashua yake mwenyewe. Aliinama mbele ya chumba cha matanga na kutazama kwa muda.

"Hapo ndipo alipokuwa akilala yule msichana," alisema, kama mtu anayeonyesha mahali nanga inapowekwa. "Alikuwa mwoga wa radi. Analia, wageni hawapati usingizi. Leonor akaona bora tumfungie huku mbele, awe na nafasi yake."

"Na hewa, mheshimiwa?"

Wakili alilifikiria swali hilo kwa haki.

"Mashua ni ya mbao, fundi. Mbao zinapumua."

Casiano akauliza msichana yuko wapi sasa. Alirudi kwao, alijibu wakili, na akauliza kwa upande wake kama mashua itakuwa tayari Desemba. Alipokuwa akipanda ngazi aliongeza kwamba hakuna haja ya kuhangaika na sakafu ya chumba kile. Kwa kuwa haionekani, angeweza kuifunika kwa kipande cha zulia. Casiano alisema kwamba hawezi. Alilisema kwa ajili ya ubao, na baadaye alijutia kwamba hakulisema kwa ajili ya jambo jingine.

Siku hiyo, wakati wa chakula cha mchana, alimweleza Delmira yote. Delmira alikuwa akigawa mchuzi wa mifupa na mahindi, na hakusimamisha upawa.

"Mimi nililelewa kwa watu, baba Nidia. Miaka sita nimelala chini ya meza ya kupigia pasi. Nimekufa?"

"Hapana."

"Haya. Wewe watoto wanne utawasomesha kwa randa?"

Delmira alimaliza kugawa mchuzi. Kisha aliuliza hilo umbo lina urefu gani. Alipoambiwa, alitazama mwimo wa mlango, ambapo vimo vya watoto vilichorwa kwa penseli kila mwezi.

"Nidia ana mita moja na ishirini na sita," alisema. "Huyo ni mwingine kabisa."

Alasiri aliliteremsha pindo la gauni jipya la Nidia, akalitazama, akalipandisha tena na kulishona palepale lilipokuwa.

Tangu hapo Casiano hakuharakisha. Alikuwa amepiga hesabu ya kifundi: maadamu uozo unarudi, mashua haiko tayari, na maadamu mashua haiko tayari, hakuna anayehama. Kila Jumatatu alipanda Amparo akiogopa kulikuta umbo, na pia akiogopa kutolikuta. Hofu hii ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa. Alikunywa kibuyu kizima cha chai chungu kabla ya kufungua mlango ule. Akiliona limo, alishusha pumzi, akachukua patasi.

Jumamosi ya tatu ya Novemba Petrona alichukua kipande cha kumi. Ndani yake mtoto alikuwa amelala chali, viganja wazi. Petrona alikwisha kuvipanga vyote kitandani kwake kisiwani: ubavu huu, ubavu ule, uso, mgongo, nyayo. Kilikosekana hiki tu.

"Basi, fundi," alisema. "Sasa ninaye mzima."

Kwa mzima alimaanisha kamili. Aliomba mbao nne fupi, na Casiano akampa mabaki ya lapacho, akayatoboa matundu ya skrubu mapema ili asipate taabu. Mazishi yalifanyika Jumapili visiwani. Hakuna ofisi iliyoarifiwa, kwa kuwa hakuna ofisi ambayo mtoto huyo alikuwa amepotea kwake.

Jumatatu Casiano alifungua chumba cha matanga na kukuta sakafu safi. Aligonga mahali arobaini na moja. Kila mahali palijibu kwa sauti kavu. Bisibisi haikuingia popote. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kuifanyia mashua, na alipokuwa amepiga magoti mbele yake alishikwa na hofu ambayo hakuweza kuipa jina. Wote waliopita hapo siku hiyo, akiwemo fundi wa rangi, walimpongeza. Yeye aliona jambo moja: mahali pale palikuwa pameachwa wazi.

Alijaribu aliyoweza. Mvua ya siku mbili ilipokuja, aliacha mfuniko wa sitaha wazi, jambo ambalo angemfukuzia kazi mtu mwingine. Alifungua ungio mojawapo kwa patasi. Asubuhi moja aliketi chumbani humo akiwa na ndoo, akimwaga maji ya mvua juu ya mbao kwa kikombe, kidogokidogo, kama anayemwagilia mche. Maji yalitiririka hadi chini kwenye mkuku, kama alivyoyatengenezea njia, na mbao zikakauka. Alikuwa fundi mzuri, na hilo halikuwa na dawa. Mwisho wa mwezi Delmira alimsimamisha Nidia kwenye mwimo wa mlango, akachora mstari, na hakuusoma kwa sauti. Casiano aliusoma alipokuwa akitoka kwenda kazini. Mtoto alikuwa ameongezeka sentimita mbili tangu Oktoba.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba walifika gatini saa tatu asubuhi: wakili na kofia yake mkononi, Bi Leonor na vikapu, Delmira amemshika Nidia mkono. Nidia alikuwa na viatu vipya na alivitazama kila hatua. Casiano alikuwa ameandaa sentensi ya maneno mawili, nayo alikuwa akiirudia tangu alfajiri: Nidia haendi. Kwa fundi seremala si sentensi ngumu. Alisogea mbele, akavua kofia yake, akafungua kinywa.

"Vanishi bado mbichi," alisema.

Wakili akapitisha kidole kwenye ubao wa ngazi, akakitazama kidole, akakionyesha. Kilikuwa kikavu. Alimshika Casiano begani na kumwambia kwamba mafundi wa kweli huwa hivyo, hawaridhiki kamwe. Delmira alikuwa akiutazama mto. Bi Leonor alimpa Nidia peremende na kumwingiza ndani ili amwonyeshe kitanda chake, akamweleza njiani kwamba mbele ndiko kunakotulia zaidi, hakuna anayepitapita. Godoro dogo lilikuwa tayari limeshatandikwa.

"Jaribu, mwanangu," alisema Bi Leonor. "Usiogope, yote ni mapya."

Nidia akavua viatu, akavipanga mlangoni, akaingia kwa magoti, akalalia ubavu wa kushoto na kukunja miguu. Casiano aliyekuwa amewafuata hadi ndani alisimama nyuma yao, nyundo ndogo ya mti mkononi, bila kukumbuka aliichukua saa ngapi.

"Pananitosha kabisa, baba," Nidia alisema, akiwa na fahari ya kazi ya baba yake. "Kama vile ulinipima mimi."

Casiano akamwomba ageukie upande wa pili.

Akageuka. Napo palimtosha.