Mama Ng'oa Aingia Banda la Vioo

Mama mkwe wangu alikuwa bibi shamba mpaka alipostaafu, na maisha yake yote alichukia kitu kimoja tu: jani lenye madoa. Akiliona, anang'oa mmea mzima, anauchoma moto, na mwenye shamba anaachiwa maneno ya kutafuna wiki nzima. Wakulima wakampachika jina la Mama Ng'oa. Analipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Mimi, kwa bahati mbaya, kazi yangu ni kukuza majani yenye madoa.

Nina banda la vioo nyuma ya maabara yetu, limejaa kunde, na kunde hizo naziambukiza virusi makusudi. Virusi vyenyewe havina habari na mtu wala mnyama. Vinajua kunde tu. Majani yakishaugua nayavuna, nayasaga, nachuja virusi, nayafungua maganda yake na kumwaga kilichomo. Kisha ndani ya ganda tupu naweka ujumbe wangu: maelekezo ya kijenetiki yanayoiambia seli ya mnyama ing'ae kijani. Ganda ni tarishi tu, linapeleka mzigo hadi ndani ya seli. Leo mzigo ni rangi. Tukijaliwa, siku moja utakuwa tiba.

Mkurugenzi wetu hakuyataka hayo. Alikuwa amelikodolea macho lile banda alibomoe, apate maegesho ya magari. Wajumbe wa bodi walikuwa waje mwezi uliofuata: seli ziking'aa mbele yao, banda libaki, zisipong'aa, nikatafute kazi pengine. Usingizi ulinipaa.

Katikati ya hofu hiyo mtunza banda akaenda likizo ya uzazi. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kwa siku chache, na tayari alishapanga upya kabati zangu zote za jikoni. Akajitolea kushika nafasi. Nikakubali mbiombio ili nipumue.

"Ni kumwagilia tu, mama," nikamwambia.

"Leo mimi ni wa kufundishwa kumwagilia?"

Mchana nilipopita nilimkuta mlangoni, mikono kiunoni, uso umejaa ushindi.

"Mwanangu, shukuru Mungu nilikuwepo. Nusu ya kunde zako zilikuwa zinakufa na watu wanazitazama tu!"

"Ziko wapi, mama?"

"Majivu."

Mtu hamfokei mama mkwe. Nikasema ahsante mama, nikaingia chumba cha baridi, nikafunga mlango, nikalifokea jokofu mpaka koo likakauka. Akiba ya virusi iliyokuwa mle ndani ilikuwa kidogo mno. Kuanza nayo upya, bodi ingekuja na kuondoka kabla sijavuna jani. Nikarudi kumweleza taratibu.

"Yaani ule ugonjwa ndiyo mazao?"

"Ndiyo, mama."

Akaketi juu ya ndoo. "Jamani, mwanangu ameoa mtu wa namna gani?"

Zilibaki kunde zile nzima, nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya kulinganisha. Siku zilizofuata nilizipita bila kuzitazama, maana zilinitia uchungu. Kisha asubuhi moja nikaona doa. Nikainama. Doa jingine. Mstari mzima, na mstari wa pili, na wa tatu, banda lote limeugua! Nikaanza kucheza katikati ya vyungu.

Mama mkwe akanikuta hivyo. Akatazama majani, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mkasi," alisema.

Siku ile alipomaliza kuzing'oa zile mbovu na kuzikatakata ili zishike moto, alikuwa amezipogoa nzima kwa mkasi uleule, ukiwa bado unachuruzika utomvu. Yeye, aliyewaimbia wakulima miaka nenda rudi waoshe vyombo kati ya mmea na mmea!

"Nimeambukiza banda zima. Mimi!" Akalia machozi ya kweli. Nami namkumbatia huku nacheka. Angepita mtu angesema tumerukwa na akili. "Usimwambie mtu, mwanangu. Hata mumeo."

Nikamwapia.

Bodi ikaja. Nikawasha skrini ya hadubini na kwanza palikuwa giza tupu, mkurugenzi akaanza kutabasamu. Nikarekebisha taa. Seli moja ikang'aa kijani, halafu kumi, halafu skrini nzima.

Lakini mwenyekiti, mama mwenye miwani minene, swali lake halikuhusu seli.

"Nimepita bandani. Sijawahi kuona kunde zilizoambukizwa sawasawa namna ile. Haikusalimika hata moja. Kazi ya nani?"

Nikajishughulisha na taa ya hadubini, maana nilikuwa nimeapa. Nyuma yetu mtu akakohoa.

"Yangu," alisema Mama Ng'oa.

"Kwa mbinu gani?"

Akanitupia jicho moja tu. Kisha akainua kidevu.

"Mkasi mmoja kwa mimea yote. Na hauoshwi kamwe."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa heshima. Wakanong'onezana, na mwenyekiti akatoa uamuzi: banda libaki, kwa sharti kwamba mtaalamu huyu alisimamie mwenyewe, moja kwa moja. Mkurugenzi alinipa mkono kama mtu aliyemeza kwinini. Nikapiga kelele za shangwe, nikawakumbatia wote hadi nikamfikia mama mkwe, na hapo ndipo akili ikanirudia. Nyumbani yeye, kazini yeye.

Alinikumbatia kwa nguvu, akaniinamia sikioni.

"Kuanzia kesho, mwanangu," akaninong'oneza, "ukitaka jani, unaniomba."