Milango Mitano ya Kensington

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu na jozi mbili za soksi miguuni, kuhusu kupotea kwa milango mitano ya nyumba yetu.

Mimi ni Zabibu, umri miaka kumi na sita. Nimesoma shule ya bweni kule Lushoto, na nilipomaliza kidato cha nne wazazi wangu wakanileta Johannesburg niishi nao. Bwenini nilikuwa na sifa zangu. Matroni aliwahi kulala nje ya chumba chake kwa ajili ya nyoka wa mpira. Sijivuni, nataja tu ili ieleweke kwa nini nyumbani neno langu halikuwa na uzito. Wiki yangu ya pili hapa nilimwandikia baba barua yenye mhuri wa jiji niliouchonga kwenye kiazi, ikimtaka kila mkazi mpya apeleke picha ya paa lake ofisi za jiji. Baba alipanda ngazi.

Nyumba yetu iko Kensington, karibu na duka la vitambaa la baba. Ni ya zamani sana: dari za bati lenye maua, sakafu za mbao zinazolia ukikanyaga, na milango mizito iliyopakwa rangi juu ya rangi nyingine mpaka haifungi sawasawa. Kazi ya kuikarabati alipewa Théodore, fundi Mkongo kutoka Bukavu, mpole, anayemwita baba "Papa Bakiri". Tulimpata kupitia mkewe, Gaëlle, msusi wa Joubert Park aliyemsuka mama nywele mwezi wa kwanza, tumbo lake likiwa tayari linamtangulia.

Mwishoni mwa mwezi wa nne Théodore aling'oa milango ya vyumba vitatu, ya jikoni na ya bafuni, akaipakia kwenye bakkie, yaani pikapu, ya rafiki yake. Alisema anaipeleka ikakwanguliwe rangi na kupakwa vanishi. Siku nne tu. Zikapita nne, zikapita nyingine kumi. Miti ya barabarani ikapukutisha majani yote, nyasi zikaanza kuamka nyeupe kwa umande ulioganda, nasi tukawa tunaishi na kanga milangoni. Kanga haizuii baridi. Inaipokea kwa adabu tu. Kwa upande wa bafu, mama alitoa agizo kwamba aliye ndani aimbe. Baba, mtu wa safu ya mbele msikitini, alikataa kuimba, akawa anakohoa tangu anaingia mpaka anatoka.

Kila alipoulizwa, Théodore alijibu kwamba vanishi haijakauka kwa sababu ya baridi. Alijibu huku akiangalia viatu vyake.

Hapo nikaanza upelelezi. Nilikuwa sina shule mpaka mwaka mpya wa masomo, na mtu asiye na shule ana muda wa kutosha kuwachunguza wenzake. Kilichonishtua kwanza ni bawaba. Alikuwa amechukua bawaba zote na skrubu zake, na sijapata kusikia bawaba ikipakwa vanishi. Halafu alikuwa akisinzia mchana, ameketi juu ya mfuko wa simenti, mdomo wazi, kama mtu ambaye usiku kucha alikuwa akihamisha vitu. Aliomba magazeti ya zamani, akaomba tena, akayakunja vizuri na kuondoka nayo. Nikajiuliza: anafungasha nini? Siku moja simu yake ikalia, akaenda kuipokea nyuma ya tangi la maji. Mimi nilikuwa upande wa pili wa tangi hilo, kwa bahati niliyoipanga. Nikamsikia akisema, "Ile ya bafu ni mufupi. Uifunge kwa dirisha."

Mlango wetu wa bafu ulikuwa tayari kwenye dirisha la mtu. Ushahidi ulikamilika.

Jumatano baada ya chakula cha jioni nilisimama nikasoma ripoti yangu, kurasa tatu, kwa sauti ya kiranja wa bweni. Nilitegemea wacheke. Baba hakucheka. Aliweka kikombe chini, akataka nirudie ile sehemu ya bawaba, kisha akasema kwamba kama milango haijarudi hadi Ijumaa asubuhi, yeye atakwenda kituo cha polisi.

Mama naye alikuwa amemshuku Théodore kwa siku nyingi, lakini aliposikia polisi alisita. Sote tulijua kuwa karatasi za ukimbizi za Théodore zilikuwa zimekwisha muda na mpya zilikuwa hazijatoka.

"Baba Zabibu," alisema, "yule wakimkamata, hawatamuuliza habari za milango peke yake. Watamrudisha kwao."

"Basi arudishe vya watu," baba akajibu.

Nakiri kwamba nilikwenda kulala nikiwa na furaha. Nilikuwa nimeaminiwa.

Kesho yake Théodore hakuja kazini, na simu yake ilikuwa imezimwa. Mama alichukua mkoba wake, akaniambia nivae viatu. Alitaka aipate milango kabla baba hajawapata polisi. Tulipanda teksi mpaka Joubert Park, tukauliza saluni, wakatuelekeza jengo moja jirani, ghorofa ya nne. Lifti ilikuwa imekufa. Ngazi zilinuka sabuni na samaki wa kukaanga.

Fleti ile ilikaa familia nne, kila moja nyuma ya shuka au maboksi. Na kule mwisho, dirishani, ilisimama milango yetu. Ilikuwa imeunganishwa kwa bawaba zetu wenyewe kuwa kama ukuta wa kukunja, nyufa zimesokomezwa magazeti. Ule wa bafu ulikuwa umefungwa kwa waya juu ya dirisha lisilo na kioo. Wa chumbani kwangu niliutambua kwa matundu ya vishale vyangu vya kurusha. Ripoti yangu ilikuwa sahihi kwa kila nukta, na tayari nilikuwa nimefungua mdomo niseme hivyo.

Nyuma ya mlango wangu mtoto mchanga akalia.

Théodore alitoka akiwa na sufuria ya maji ya moto. Alipotuona aliiweka chini polepole.

"Mama, pardon," alisema. "Kioo kilivunjika, mwenye nyumba hataki kutengeneza. Mutoto akazaliwa na baridi inaingia. Nilijiambia siku tatu tu. Kisha nikaogopa kusema."

Nikamtazama mama, nikingoja alipuke. Alilipuka kweli, ila si mahali nilipotegemea.

"Gaëlle kajifungua," alisema, "na mimi sijaambiwa?"

Kwetu Tanga, mwanamke aliyekusuka akijifungua nawe usimpelekee hata uji, hiyo ni aibu ya kusimuliwa harusini. Na mzazi ambaye hajamaliza arobaini hapigwi upepo. Mama alipita katikati ya milango kama anayeingia kwake, akamshika Gaëlle miguu kuona kama ina joto, akauliza mtoto ana siku ngapi. Kumi. Akahesabu kwa vidole siku zilizobaki. Kisha akapitisha kiganja kwenye ufa kati ya mlango wangu na wa jikoni, akanigeukia na kuniambia nivue skafu. Skafu yangu ikasokomezwa.

Teksi ilipokaribia nyumbani, mama alinigeukia.

"Wewe ndiye uliyemtia kwa polisi," alisema. "Wewe umtoe."

Ijumaa asubuhi baba alikuwa amevaa koti, ripoti yangu imekunjwa mfukoni. Nikamweleza yote. Alinisikiliza kama askari wa mpakani anavyosoma pasipoti.

"Juzi ulikuwa na bawaba," alisema. "Leo una mtoto mchanga. Kesho utaniletea nini?"

Ikabidi nibomoe ripoti yangu mwenyewe mbele yake, kipande kwa kipande: bawaba za kuunganishia, magazeti ya kuzibia, usingizi wa mtu anayekeshwa na mtoto. Sijapata kusema kweli tupu kwa muda mrefu kiasi kile, na nilivyozidi kusema ndivyo nilivyozidi kusikika kama mwongo. Baba akafunga kifungo cha juu, akaenda jikoni kuchukua funguo.

Akaisogeza kanga, akasimama palepale. Mama alikuwa ameinamia sufuria kubwa ya uji, pilipili manga imejaa hewani mpaka macho yanawasha.

"Wa nani huo?" baba akauliza.

"Wa mzazi," mama akajibu bila kugeuka.

Baba aliiachia kanga. Halafu akanigeukia.

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

Akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, bila kuniondolea macho.